Mgosi Auliza Mkutano Mkuu ni Lini

Jamani, leo kazini kuna mtu kanipongeza. Sijaoa, sijapata mtoto, sijapandishwa cheo. Kanipongeza kwa sababu timu yangu ya besiboli, Chicago White Sox, ilimaliza msimu wa 2025 na ushindi wa mechi 60. Msimu wa 2024 walishinda 41, kwa hiyo, kwa hesabu zake, "mmepanda kwa 19." Mwenyewe kavaa kofia ya Cubs, wapinzani wetu wa mji huu huu, meno yote nje. Kwamba mechi ni 162 na hizo 102 zilizobaki tumepigwa, hilo hakuligusa. Sikumjibu. Mimi ni mtu mzima, nina heshima zangu, nalipa kodi kwa wakati. Nilikwenda tu jikoni kwa utulivu mkubwa nikatia chumvi kwenye kahawa.

Mashabiki wenzangu mnajua, sina haja ya kueleza. Ile ya Tatis, nyota wa leo, tusiifungue. (Kijana wa miaka 17! Hajacheza hata mechi moja ya kulipwa, wakampeleka San Diego wakachukua mrushaji mpira aliyechoka. Haya, nimeifungua.) Na ile ya 2024 mnaijua, mechi 121 za kupigwa, zama hizi hakuna aliyewahi kufika huko. Wenzangu, hata kupoteza kwenyewe hawakujua! Walifikisha 120, sawa na Mets wa New York wa 1962, wakarudi nyumbani. Watu wakanunua tiketi waishuhudie historia. Timu ikawapiga Angels mara tatu mfululizo. Majukwaani tunamwimbia mwenye timu "Uza timu! Uza timu!", uwanjani wanashinda. Kisha wakapanda ndege wakaenda kuivunja rekodi Detroit, mbele ya wageni.

Mwingine kaniambia, "Lakini nyinyi mna Papa." Ni kweli, Papa Leo XIV ni shabiki wetu, alikuwepo uwanjani fainali ya 2005, na klabu imeweka picha yake pale alipokaa. Wakatoliki zaidi ya bilioni moja wanamsikiliza. Ofisi ya White Sox haimsikilizi.

Ila yote haya nilikuwa nayachukulia kama hali ya hewa, mpaka Mei alipokuja mjomba wangu kutoka Tanga.

Mjomba ni mstaafu wa bandari na mwanachama wa damu wa Coastal Union, klabu ya soka ya huko. Mwaka 1988 aliona kwa macho yake Wagosi wa Kaya wakitwaa ubingwa wa Tanzania, na tangu siku hiyo anausubiri wa pili. Nikasema huyu ndiye mtu wa kukaa naye kuangalia White Sox, hahitaji kufundishwa subira.

Wakati ule mechi zilikuwa kwenye kituo kipya cha TV ambacho timu yenyewe ina hisa, na kampuni kubwa ya kebo ilikuwa bado haijaelewana nacho. Kwa hiyo Chicago nzima, mwaka 2025, tulinunua antena. Antena! Mimi niliyeondoka nyumbani nikijua nimeziaga. Picha ikawa inakuja mjomba akiishika antena dirishani kwa mkono wa kushoto, ikikatika akiibadilisha mkono.

"Hapo hapo mjomba, usisogee!"

"Nimevuka bahari nije kuwa mlingoti," akasema. Kisha, "Hawa wenye nyeupe ndio sisi?"

"Ndio sisi."

"Tunaongoza?"

"Hapana."

"Kwenye ligi tuko wa ngapi?"

"Wa mwisho."

"Tunashuka daraja lini?"

"Hapa hakuna kushuka daraja, mjomba."

Akaiachia antena. Picha ikapotea, ikabaki sauti ya mtangazaji akimsifia mtu aliyekamata mpira.

"Hakuna kushuka vipi? Mwaka 2016 Coastal tulishuka, African Sports wakashuka, Mgambo wakashuka. Timu tatu, zote za Tanga, mwaka mmoja! Tukainamisha vichwa tukaenda kucheza huko chini mpaka 2018 Coastal tukarudi. Hawa unaniambia wamepigwa mechi mia na ishirini na moja, na wamo tu?"

"Wamo. Tena anayeburura mkia ndiye anayepewa nafasi za mbele za kuchagua chipukizi."

"Anayefeli ndiye anayepewa zawadi."

"Ndio mjomba."

"Basi si haba. Mwaka huu mtachagua wa kwanza."

Hapo nikanyamaza, maana nililijua linalokuja. Ikabidi nimweleze kwamba kuna sheria: nafasi za mbele kabisa zinagawiwa kwa bahati nasibu, na klabu zenye mapato makubwa haziruhusiwi kuzipata miaka miwili mfululizo. Sisi tulipata mwaka uliotangulia. Kwa hiyo baada ya kupigwa mechi nyingi kuliko timu zote za zama hizi, tutachagua wa kumi.

Mjomba akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mgosi, hata ubovu wenu hauna faida?"

Akaketi. Antena imelala kwenye kapeti. Nikajua sasa mechi imekwisha na kikao kimeanza.

"Mkutano mkuu wa wanachama ni lini?"

"Hakuna wanachama, mjomba."

"Hizo kofia mnazovaa ni za nini?"

"Tunanunua."

"Mwenyekiti anachaguliwa na nani?"

"Hachaguliwi. Timu ni ya Jerry Reinsdorf na wenzake, waliinunua mwaka 1981."

"Ana umri gani?"

"Themanini na tisa."

"Astaghfirullah. Na katibu?"

Nikamweleza habari za meneja mkuu. Kwamba Agosti 2023 walifukuzwa wakubwa wawili kwa mpigo, Kenny Williams na Rick Hahn, tukashangilia, tukasema sasa italetwa akili mpya kutoka nje. Hazikupita siku kumi akatangazwa Chris Getz, ambaye alikuwa ofisi hiyo hiyo akisimamia ukuzaji wa vijana. Vijana wepi? Hawa hawa.

"Kwa hiyo wamehamisha kiti."

"Hata kiti sidhani."

Akauliza kama mzee hana pesa. Nikamwambia ndiye yule yule wa Bulls, timu ya mpira wa kikapu, aliyechukua ubingwa mara sita na Michael Jordan. Mjomba akafufuka. "Si amlete Jordan huku!" Nikamwambia alishakuja. Mwaka 1994 alicheza kwenye timu ya chini ya White Sox kule Birmingham, Alabama, na katika kila mara kumi za kupiga, alifanikiwa mbili. Mjomba akatafakari. "Basi hata Jordan walimharibu."

Na pesa je? Mkataba mkubwa kuliko yote ambayo klabu hii imewahi kusaini ni wa Andrew Benintendi, dola milioni 75. Mets walimpa Juan Soto milioni 765. Mjomba akaandika tarakimu zote mbili nyuma ya bahasha ya bili yangu ya umeme, akazitazama. "Mbona si mbali? Wamekosa sita tu hapo katikati."

"Wenyewe wanasemaje?" akauliza.

"Wanasema wanajenga upya."

"Tangu lini?"

"Tangu Desemba 2016, walipompeleka mrushaji wetu nyota, Chris Sale, Boston." (Yule aliyekatakata jezi za timu kwa sababu hakuzipenda. Siku hizi namwelewa sana.) "Mwaka 2021 tukaongoza kundi letu, tukatolewa na Astros, tukaanza kuporomoka. Wakatangaza kujenga tena. Desemba 2024 wakampeleka mrushaji nyota mwingine, Garrett Crochet. Boston vilevile."

Mjomba akacheka kile kicheko cha watu wa Tanga kinachoanzia tumboni. "Mpwa wangu, nyumba yangu ya Chumbageni nimeijenga kwa mshahara wa bandari. Kuna mwaka niliongeza mistari miwili ya tofali, kuna mwaka dirisha moja. Lakini sijawahi kupandisha ukuta mpaka kwenye linta, nikaubomoa, nikampa jirani mabati, halafu nikawaambia wanangu tunaendelea vizuri. Na jirani ni yule yule!"

Tukacheka wote. Kisha mimi nikaacha kucheka, kwa sababu, hebu niwaulize, mimi nimwendee nani? Coastal wakiboronga, mjomba anamkuta kiongozi barazani anakunywa kahawa, anamsemesha macho kwa macho, na kiongozi usiku ule halali vizuri. Mimi nina haki gani? Naimba "Uza timu" ndani ya uwanja ambao nimeshalipia kuegesha gari, nimeshalipia soda, nimeshalipia kiti. Navaa mfuko wa karatasi kichwani kwa aibu na bado pesa yangu imehesabiwa kwenye mapato. Hizo hela ndizo zilizotufanya klabu ya mapato makubwa, mwaka 2025 tusiruhusiwe kuchagua chipukizi mapema! Nikibaki nyumbani, wanasema mashabiki hawaji, tunahitaji uwanja mpya. Mwaka ule ule wa 1988 mjomba akishangilia ubingwa, huku walitishia kuihamishia timu Florida, saa ya bunge la Illinois ikasimamishwa ili isigonge saa sita ya usiku kabla muswada wa uwanja haujapita. Saa ilisimamishwa! Mimi nikichelewa kulipa maegesho dakika mbili naandikiwa faini.

Juni, mjomba keshafika Tanga, ikatangazwa kwamba tajiri mwingine, Justin Ishbia, huenda akaichukua timu. Mjomba akapiga WhatsApp huku kwetu ikiwa usiku mkubwa, kwake keshatoka msikitini.

"Nasikia mzee anauza!"

"Shikamoo mjomba. Kuanzia 2029 mpaka 2033, akipenda."

"Marahaba. Na asipopenda?"

"Baada ya msimu wa 2034 mwenzake ndiye atakuwa na haki ya kununua."

Kimya. Nikasikia kuku wa kule Chumbageni.

"Sasa mimi kofia nimenunua ya nini?"

Kofia yenyewe nimenunua mimi, lakini tuyaache. Alitua nayo Tanga, akaivaa uwanjani Mkwakwani, akapiga picha akaiweka kwenye kundi la ukoo, na sasa kila shemeji anataka yake. Mmoja anataka nyekundu. White Sox ni nyeusi na nyeupe. Mwingine kaomba ya Yankees! Nikamtafuta dada mmoja anayekwenda nyumbani Desemba, nikamwomba anichukulie kofia tatu tu, hazina uzito, unaweza hata kuzivaa. Akaniambia kilo zake 23 zimejaa, kabeba blenda ya shangazi yake. Blenda! Unatoka Chicago na blenda, wakati ukitelemka tu Ngamiani, kule kule Tanga, zimepangwa mpaka nje ya duka, na muuzaji anakujaribishia kwa embe bure.