Darasa au kisima?

Jamani, nani aliwadanganya wajenzi wa vyuo kwamba marumaru zikimeta ndiyo darasa? Chini taili, ukutani rangi ya mafuta, juu jipsamu laini kama sahani. Sauti inadunda kote kama kisimani: mhadhiri anasema "sasa tuangalie", wa nyuma anasikia "sasasa tutungalilie". Na dawa yao ni ileile: ongeza spika! Spika inakuza maneno na mwangwi kwa pamoja.

Hesabu ya sekunde ambazo sauti huchukua kufa chumbani ni nyepesi: ujazo wa chumba kwa mita za ujazo mara 0.16, gawa kwa uwezo wake wa kufyonza sauti. Darasa la mita 10 kwa 8, kimo 3.5, madirisha yamefungwa, hata likijaa wanafunzi 60 sauti huchukua kama sekunde 1.4 kufa. Inatakiwa 0.6. Funika dari nzima kwa vigae vya nyuzi vyenye vitundu, utaifikia. Zulia halitoshi, hufyonza sauti nyembamba tu, na vumbi.

Wakishaviweka sasa! Anakuja fundi rangi, anavipiga mikono miwili ya rangi nzito "vifanane na ukuta". Vitundu vyote vimezibwa, tumerudi kisimani.