Tanga: upepo unaosifiwa, na saa usipovuma

Mkazi wa Tanga ukimgusia habari za hewa chafu, atakuonyesha bahari. Bandari ipo, viwanda vipo, bodaboda zimejaa kila kona ya Ngamiani, lakini ikifika saa tano asubuhi upepo umeshaingia na mapazia yanacheza madirishani. Moshi, atakwambia, ni shida ya watu wa bara.

Hayo si majivuno matupu. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, na pepo zote mbili hutufikia zikitokea baharini. Viwanda vya saruji viko Maweni na Pongwe, magharibi ya mji, kwa hiyo muda mwingi wa mwaka vumbi lao huelekea bara. Tena bahari yetu ni ya joto. Pwani ya Lima na ya Los Angeles hupitiwa na mikondo ya maji baridi: hewa ya chini hupoa, ya juu yake hubaki na joto, na moshi wa mji hufunikwa kama sufuria ya wali. Los Angeles ina pia milima nyuma yake inayouzuia usitoke. Usambara iko mbali nasi. Dakar nayo, upepo wa jangwani ukianza, hupokea vumbi la Sahara hata kama hakuna aliyewasha gari. Ukilinganisha hivyo, Tanga imependelewa.

Ila mvuvi wa Sahare anaujua upepo mwingine. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko bahari, upepo hugeuka, na alfajiri ngalawa hutoka kwa umande, upepo mdogo wa kutoka bara. Mdogo hasa, kuna siku hautikisi hata jani la mnazi. Na saa hizo ndizo mji unapowasha majiko. Pita barabara yoyote ya Ngamiani saa kumi na mbili asubuhi: mama wa vitumbua anapepea mkaa ambao haujashika vizuri, jirani anachoma taka za jana pamoja na mifuko yake, na moshi unapanda mpaka usawa wa mabati, unasita, kisha unaanza kutambaa uchochoroni. Watoto wa shule wanapita humo humo. Saa tano upepo ukija, ushahidi wote umeondoka.

Ndiyo maana siamini sana wastani. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha chembe laini, zile zisizozidi mikroni 2.5, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Kipimo kizuri, lakini kwa mji kama huu mchana wa upepo huificha alfajiri ya moshi. Mwenye kiwanda naye ana hoja ya haki: hewa ya pwani ina chumvi ya bahari, na mashine inayopima uzito wa vumbi bila kuchambua aina zake itamhesabia hata chembe za mawimbi.

Kwake ningejibu hivi: vumbi lisilofika Raskazone, kule ufukweni, halikutoweka. Limetua magharibi ya viwanda, kwenye mihogo na mabati ya watu ambao bahari hawaioni. Ajira za saruji ni za kweli, na wengi wa watu hao wana ndugu wanaozitegemea, lakini hiyo ni sababu ya kuweka kipimo cha hewa huko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ipo, NEMC, baraza la taifa la mazingira, ipo, viwango vya ubora wa hewa vya 2007 vipo. Kipimo kikiwekwa ufukweni kitatusifia upepo tu. Kimoja kikae ng'ambo ya Pongwe, kingine Ngamiani, kisomwe saa kwa saa.

Kwa mjini, mimi naona jiko lina uzito kuliko bomba la kiwanda. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na hilo likifanikiwa, alfajiri ya Ngamiani itabadilika. Tatizo ni hesabu ya mama wa vitumbua. Mkaa anaununua kwa kopo, kwa hela aliyoipata jana. Mtungi wa gesi unataka fedha ya wiki kadhaa kwa mkupuo, na siku ukiisha katikati ya kuchoma, wateja hawamsubiri.