Goti Linaloachia: Upasuaji Mapema au Mazoezi Kwanza?

Mtu aliyechanika ligamenti ya msalaba ya mbele ya goti, ule utepe imara unaofunga mfupa wa paja na wa muundi, huweza kutembea bila kuchechemea mara uvimbe unaposhuka, akadhani amepona, hadi siku atakapogeuka ghafla uwanjani na goti kumwachia. Hata hivyo, goti kulegea mikononi mwa daktari anayelivuta si sawa na goti kuachia, kwani wapo wenye magoti yaliyolegea ambao misuli ya mapaja huyashikilia vyema wasihitaji upasuaji kamwe.

Wanaotaka mazoezi yatangulie wana hoja nzito. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2010 uliwahusisha vijana 121 wenye jeraha bichi, na baada ya miaka miwili waliopasuliwa mapema hawakuwa na hali bora kuliko walioanza na mazoezi tiba. Kati ya hao wa mazoezi, ambao walikuwa 59, ni 23 tu waliokuwa wamejengewa ligamenti mpya. Wachezaji wa kulipwa, lakini, hawakuwamo, na kufikia mwaka wa tano idadi hiyo ya 23 ilikuwa imefika 30. Isitoshe, kila goti linapoachia huweza kuchana meniskasi, ile gegedu inayopokea uzito kati ya mifupa.

Uingereza nayo ilitoa jibu tofauti mwaka 2022: kati ya wagonjwa 316 ambao jeraha lao lilikuwa limekaa na goti bado likiyumba, waliopangiwa upasuaji walipata nafuu zaidi kuliko waliopangiwa mazoezi. Sioni mgongano hapo, kwa kuwa tafiti hizo mbili ziliwatazama wagonjwa walio katika hatua tofauti za jeraha. Kwetu, ambako mgonjwa huanza kwa kuchuliwa na kumfikia mtaalamu goti likiwa limeshaachia mara kadhaa, naona utafiti wa pili ndio ulio karibu nasi.

Upasuaji wenyewe haumwondolei mtu mazoezi. Kano inayochukuliwa nyuma ya paja ili kuziba pengo huhitaji miezi tisa au zaidi kabla ya kurudi uwanjani, na familia iliyochangishana fedha za upasuaji ikasahau nauli ya kwenda kliniki imelipia nusu ya tiba. Fundi anayepanda jukwaa la ujenzi, goti likimwachia baada ya miezi mitatu ya mazoezi ya dhati, ningemshauri amwone mpasuaji bila kuchelewa. Karani ambaye goti lake limetulia ningemwacha aendelee na mazoezi yake.