Bodi ya faiba ya gari la kutembelea inastahili kazi kiasi gani?

Katika gereji moja ya Ng'ambo, mjini Tabora, mabishano yalianza kwa picha iliyokuwa kwenye simu ya fundi. Ilikuwa picha ya hotirodi, gari la mtindo wa Ford ya mwaka 1932 ambalo Wamarekani hulipunguza mapambo, hulishusha chini na kulitia injini yenye nguvu. Bodi yake haikuwa ya chuma bali ya faiba, na mwenyewe alikusudia kulitembelea kila siku, si kulipeleka kwenye maonyesho; tukabishana bodi kama hiyo inastahili kazi kiasi gani. Muda si mrefu picha ile ilisahaulika, kwa kuwa mbele yetu palikuwa na pikapu yenye kanopi mpya ya faiba, yaani kifuniko cha sehemu ya mizigo, iliyokuwa katika wiki yake ya tatu bila rangi, na mwenye mali alikuwa amesimama hapo akiuliza swali lile lile kwa ukali zaidi: kitu cha kazi kinapigwa msasa hadi lini?

Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Gari la kutembelea hukutana na kokoto, matawi ya miembe na vumbi jekundu ambalo kuanzia Juni hadi mvua za Novemba halimwachi mtu. Uso ulionyooshwa kama kioo utakuwa na alama ndani ya mwezi mmoja, na mwenye gari aliyelipia uso huo ataanza kuogopa kuliendesha, jambo linaloondoa maana ya kuwa nalo. Fedha hiyo, alisema, ingenunua breki na matairi. Hata huko Marekani wapo wanaoshikilia kwamba hotirodi ya kutembelea ipigwe msasa wa kiasi, ipuliziwe rangi na iingie barabarani, kwa sababu mawimbi madogo ya bodi huonekana tu kwa anayeinama na kuitazama kwa ubavu wakati jua linapozama.

Yote hayo ni kweli kwa bodi ya chuma. Tatizo ni kwamba tumezoea kuipima faiba kwa macho ya chuma, na hapo ndipo fundi mwenye subira huonekana mvivu au mtu wa kutafuta pesa. Bati linapotoka kiwandani limekwisha kuwa bati, wala halitabadilika kwa sababu ya kukaa. Faiba ni nyuzi za kioo zilizoloweshwa resini ya poliesta, aina ya gundi ya majimaji, na resini hiyo hugeuka kuwa kitu kigumu kwa kuchanganywa na hadna, yaani dawa ya kugandisha, kidogo sana, kwa kawaida kati ya asilimia 1 na 2. Inapoganda hupungua ujazo kwa asilimia 5 hadi 8, ilhali nyuzi za kioo hazipungui. Kwa hiyo pale penye resini nyingi hunywea zaidi ya pale penye nyuzi nyingi, na uso uliokuwa laini ndani ya kalibu huanza kuonyesha, polepole, mpangilio wa nyuzi zilizo chini yake.

Neno la kuzingatia hapo ni polepole. Bodi inaweza kutolewa kwenye kalibu siku moja tu baada ya kumiminwa, nayo ikawa ngumu kiasi cha kugongwa kwa kidole na kulia, huku resini ikiwa bado haijamaliza kazi yake. Usiku wa Tabora wa mwezi Juni au Julai ni wa baridi, na resini iliyochanganywa jioni ya namna hiyo hubaki na sehemu ambayo haijakomaa. Sehemu hiyo hukomaa baadaye, inapopata joto. Swali lote la kazi ya bodi, kwa maoni yangu, limo humo: je, joto hilo litaipata bodi ikiwa uchi, kabla ya msasa wa mwisho, au litaikuta tayari imevaa rangi?

Tuifuate rangi nyeusi, ambayo ndiyo mwenye pikapu aliyoitaka. Mji huu uko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, na mwezi Oktoba jua la saa saba mchana linaweza kuupasha uso mweusi wa gari lililoegeshwa hata ukapita nyuzi joto 70, wakati uso mweupe ulio kando yake ukiwa chini kwa nyuzi 20 au zaidi. Resini ya kawaida ya poliesta iliyogandia kwenye hewa ya kawaida huanza kulegea katika joto la nyuzi 60 na kitu. Maana yake ni kwamba bodi nyeusi iliyoharakishwa hurudishwa jikoni kila mchana. Inalegea kidogo, inaendelea kukomaa, inanywea, jioni inapoa. Faiba hutanuka kwa joto takriban mara mbili ya chuma, na puti iliyotiwa kuficha mashimo ina mwendo wake tofauti, hivyo baada ya miezi michache kingo za kila kiraka cha puti hujichora juu ya rangi kama mipaka ya mashamba inayoonekana kutoka mlimani. Nyuzi za kioo nazo huchomoza. Mwenye gari humlaumu mpiga rangi, naye mpiga rangi hulaumu rangi, ingawa kosa lilitendeka siku ambayo wote wawili walikubaliana kwamba gari la kutembelea halihitaji kusubiri.

(Chevrolet Corvette za kwanza, za mwaka 1953, zilikuwa 300 tu, zote zenye bodi za faiba na zote nyeupe. Sidai kwamba joto ndilo lililowachagulia rangi, lakini rangi ile haikuidhuru faiba yao.)

Kwa hiyo wiki tatu za kanopi ile hazikuwa za kulala. Fundi alikuwa ameiosha kwanza kwa sabuni na kemikali ya kuondoa nta, kwa sababu kalibu hupakwa nta ili bodi isigande humo, na anayetangulia na msasa huisukuma nta hiyo ndani ya mikwaruzo, kisha hushangaa rangi inapobanduka. Halafu aliikwaruza kidogo kwa msasa jelikoti, ile ngozi ya juu ambayo unene wake ni kama nusu milimita na ambayo ukiimaliza huirudishi. Kisha akaipeleka juani, juu ya fremu ya mbao yenye vipimo vya pikapu ili isijipinde, akaiacha. Hatua hiyo ya kuacha ndiyo iliyomkera mwenye mali, kwa kuwa hakuna mkono ulioonekana ukisogea, na ni vigumu kumlipa mtu kwa kazi inayofanywa na jua.

Katika hotirodi jambo hili lina uzito zaidi, maana milango nayo ni ya faiba. Bodi ikisawazishwa kabla ya kufungwa kwenye chesisi yake, milango ikiwa haijaning'inizwa, itajipinda siku bolti zitakapokazwa, na nafasi kati ya mlango na bodi zitakuwa pana juu na finyu chini. Mlango unaosugua ukingo huleta nyufa nyembamba kama utando wa buibui, na nyufa hizo hazizibwi kwa rangi mpya. Kwenye barabara yenye mawimbi nyufa hizo hutokea mapema kuliko kwenye lami.

Pamoja na hayo siwezi kumtetea fundi katika kila kitu. Alikuwa pia na mpango wa kupuliza praima, yaani rangi ya msingi, nene mara tatu, kupaka poda ya kuongozea inayoonyesha mabonde na miinuko, kusugua kwa mbao ndefu ya msasa, na kurudia hadi mwanga utembee juu ya kanopi bila kuvunjika popote. Hapo mwenye pikapu alikuwa na haki, nami nilimwambia fundi hivyo. Kazi ya namna hiyo ni ya gari linalosafirishwa juu ya trela. Kwa gari la kutembelea raundi moja inatosha: msasa wa namba 80 kwenye puti, 180, kisha 320 juu ya praima, na rangi. Wimbi dogo katikati ya ubavu halileti ufa wala halibandui kitu, na vumbi la Tabora lenyewe litalificha kwa nusu ya mwaka.

Ila kuhusu jua fundi hakurudi nyuma, na sikuona sababu ya kumtaka arudi. Waliafikiana kwamba kanopi ibaki kwenye fremu yake hadi mwisho wa mwezi, paa liwe jeupe na mbavu tu ndizo zifuate rangi ya gari. Pikapu iliondoka jioni ile ile bila kanopi, kwenda kuchukua mzigo Urambo.