Viazi vya Leiden vilikuja baadaye

Ndugu mwandishi, katika makala yako sherehe ya Oktoba 3 mjini Leiden, Uholanzi, ya kukumbuka kuvunjika kwa mzingiro wa Wahispania mwaka 1574, umeieleza vizuri, ila umewalisha watu wa 1574 viazi! Sufuria inayosimuliwa kwamba Wahispania waliiacha kambini walipokimbia haikuwa na viazi, zao hilo lilikuwa bado halijaingia majikoni Uholanzi. Hutspot ya leo, chakula cha sherehe hiyo cha viazi na karoti za kuponda, ni ya baadaye. Samaki heringi na mkate mweupe, sawa, ndivyo waasi wa Kiholanzi waliopigana na Wahispania walivyowaletea wenyeji waliokuwa wakifa njaa. Tena ungegusia gharama ya kuuokoa mji: kingo za kuzuia maji zilibomolewa makusudi, mashamba yakazama, ndipo mashua za waasi zikapita juu yake. Chuo kikuu watu wa Leiden walikipata mwaka uliofuata, 1575.