Hakuwa Punda, Alikuwa Mbuzi

Kwa kuwa Baba Junior amekwisha kulisambaza tukio lililonipata katika kikao cha wazazi katika makundi yote ya WhatsApp ambayo mimi na yeye tumo, na katika mengine ambayo mimi simo lakini shemeji zangu wamo, naona afadhali nilisimulie mwenyewe, ili watu wacheke yale yaliyotokea na si yale aliyoyaongeza yeye. Kwanza kabisa, mnyama aliyesikika katika spika hakuwa punda, alikuwa mbuzi. Pili, sikukimbia. Nilitembea kwa haraka kuelekea mlangoni, kwa sababu ndiko mtoto alikokuwa.

Ninyi mnaonifuata humu mnazijua hotuba zangu kuhusu watoto na simu, kwa hiyo sitawachosha. Shida ni kwamba mkuu wa kituo cha kulelea watoto anakokwenda binti yangu, hapa Tabata, naye alizisoma, akaniomba niseme machache katika kikao cha wazazi kuhusu namna ya kugawa muda wa mtoto mdogo kati ya programu za kujifunzia na vitu vya kuchezea vya kushika kwa mkono. Nilijiandaa kuliko nilivyojiandaa kwa posa. Nilikwenda Keko kwa mafundi samani nikaomba vipande vya mninga vinavyobaki, nikavipiga msasa mpaka kila kona ikawa laini. Nikaunda gari la waya lenye magurudumu ya ndala iliyokatika. Mama yangu akashona mwanasesere wa kanga. Mwisho nikachukua kile kibomba cha boksi kinachobaki karatasi ya chooni inapokwisha, ambacho mtaelewa kazi yake baada ya muda mfupi.

Siku ya kikao niliiunganisha simu yangu na spika ya kituo kwa Bluetooth, watoto wakaimba wimbo wa kufungulia, kisha nikashika kipaza sauti cha waya, ambacho nacho kilipitia spika ileile, bila kukumbuka kuitenganisha simu. Mara binti yangu Neema, mwenye umri wa miaka miwili na nusu, akaanza kulia akitaka kuja kwangu. Mama yake alikuwa kazini. Nikampa simu, nikamketisha karibu na mlango pamoja na dada wa kituo. Naam, nilimpa mtoto simu ili atulie, nipate utulivu wa kuwaeleza wazazi wenzangu kwa nini wasiwape watoto simu ili watulie. Mliokwisha kuanza kucheka, subirini kwanza.

"Ndugu wazazi," nikasema, "kwa wasionifahamu, mimi ni Baba Neema, na leo..."

"Huyu ni mbuzi!" ikasema spika kwa sauti ya dada mchangamfu. "Mbuzi analia, meee!"

Mbuzi mwenyewe akalia. Mimi nilidhani ni simu ya mzazi mmojawapo. Nikatabasamu, nikasubiri ukumbi utulie, kisha nikasema kwa ule upole wa mtu aliyekwisha kujiona bora kuliko wenzake, "Naomba sote tuzime simu zetu, tafadhali. Hili ndilo tatizo lenyewe tulilokuja kulizungumza." Nikapigiwa makofi. Mama mmoja wa mstari wa mbele aliizima simu yake kabisa, akaiinua ili nione kwamba ametii. Mama huyo nimeshindwa kumtazama usoni hadi leo.

Nikaendelea. Nikaeleza kwamba Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019, na kwamba kwa mujibu wake mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 hashauriwi kukaa mbele ya skrini, na yule wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku, na ikipungua ndivyo bora zaidi.

"Safi sana!" ikasema spika.

Watu wakacheka kidogo. Nikadhani mkuu wa kituo ameweka vibwagizo ili kuchangamsha kikao, nami nikamwinamia kidogo kwa heshima. Yeye naye akaniinamia, maana alidhani vibwagizo ni vyangu.

Kisha nikachukua kile kibomba. Nikawaambia wazazi kwamba hiki ni kipimo kilichomo katika kila nyumba: kitu chochote kinachopenya humu asipewe mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwa sababu kinaweza kumkwama kooni. Nikainua kisoda juu ili wa nyuma waone, nikakidondosha ndani ya kibomba. Kikapenya bila kugusa pembeni, kikaanguka sakafuni, kikazunguka kwa mlio mrefu mpaka kikatulia.

"Umekosea," ikasema spika. "Jaribu tena."

Hapa ndipo ninapowaomba msiniulize kwa nini. Nilikiokota. Mbele ya wazazi wote wale, mtu mzima mwenye familia, niliinama nikakiokota kile kisoda, nikakidondosha tena, safari hii polepole zaidi.

"Umekosea. Jaribu tena."

Baadaye nilielewa kwamba Neema alikuwa akiisukuma duara ya buluu kwenye tundu la pembetatu, naye ni mtoto asiyekata tamaa. Lakini wakati ule jasho lilikwisha kunitoka, nami nikaona heri niviache visoda niende kwenye vitofali, ambavyo ndivyo nilivyokuwa na uhakika navyo. Nikasema kwamba mtoto akipanga mbao hizi mkono wake unajifunza uzito na usawa, na anaona mwenyewe kwamba kikubwa hakikai juu ya kidogo, wakati kitofali cha kwenye kioo hakina uzito wowote na hakianguki mpaka programu ipende. Nikasema pia, na hili bado nalisimamia, kwamba programu nzuri si adui, ilimradi mzazi aketi ubavuni mwa mtoto, amuulize, amjibu, wacheke pamoja. Ningeishia hapo ningekuwa salama. Nikaongeza, "Nyumbani kwangu simu haigeuzwi yaya. Mimi mwenyewe huketi naye."

Programu ile aliyokuwa akiichezea Neema kwenye simu yangu ina mahali ambapo mzazi hurekodi sauti yake, ili mtoto akimaliza hatua apongezwe na mtu anayempenda.

"Safiii, kipenzi cha baba!" ikasema spika, kwa sauti yangu. "Umemaliza! Haya, bonyeza ingine hapo, baba anamalizia mpira." Nyuma yake akasikika mtangazaji akipandisha sauti, kisha nikasikika mimi nikipiga kelele, "Piga! Piga wewe! Aaah!"

Kipaza sauti kilikuwa mbele ya mdomo wangu, na mdomo ulikuwa umefungwa. Wazazi wote wakautazama. Nikajaribu kuichezesha midomo ili ionekane ni mimi ninayesema wakati ule, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kunipita.

Ndipo nilipotembea kwa haraka. Nilipomnyang'anya Neema simu akapiga ukelele uliowaamsha watoto wa chumba cha pili, nami, nikiwa bado nimeshika kipaza sauti, nikampa kitofali cha mninga mkononi. Akanyamaza. Ukumbi mzima ukanyamaza, na kwa kitambo kidogo nikaamini kwamba hoja yangu imejithibitisha mbele ya mashahidi. Neema akakipeleka kidole juu ya mbao kutoka kulia kwenda kushoto. Akasubiri. Akakipeleka kutoka kushoto kwenda kulia. Akabonyeza kona moja kwa muda mrefu, akakigeuza, akakitazama nyuma, kisha akanirudishia kwa huruma kabisa na kusema, "Baba, haina chaji."

Kipaza sauti kilifikisha kila herufi.

Yaliyofuata hayana maelezo marefu. Mkuu wa kituo alifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akafunga kikao kabla ya maswali, tukanywa chai na maandazi. Vitu vyangu vya kuchezea vimebaki kituoni, na naambiwa watoto wengine wanavigombea. Neema hakutaka gari wala mwanasesere. Aliondoka na kibomba, akiwachungulia abiria wa daladala kupitia ndani yake hadi tuliposhuka. Baba Junior alirekodi kila kitu, akamwondoa mbuzi na kumweka punda, kwa sababu, anasema, punda anafaa zaidi. Nanyi mnaonitumia picha za chaja, zimetosha, asanteni.

Mke wangu ameitazama video hiyo na hajasema lolote kuhusu mbuzi wala chaji. Ameniuliza tu mechi ile ilikuwa ya siku gani, maana yeye anakumbuka Jumamosi moja aliporudi kutoka kwenye kikao cha harusi nikamwambia kwamba mimi na mtoto tumeshinda mkekani tukipanga vitofali. Nimemwomba muda wa kukumbuka vizuri.