Darubini ya bei ndogo: tusinunue kwa macho ya wapiga shabaha

Kuna mdogo wangu wa huku Konde, Pemba, anataka kuanza kutembeza wageni wanaokuja kuangalia ndege, kakusanya vijisenti vyake, sasa kaniuliza achukue ipi, darubini ya macho mawili au ile ya jicho moja inayokaa kwenye stendi. Nikamwambia ngoja kwanza, mie hili lishanila pesa.

Ukiingia mtandaoni kutafuta ile ya jicho moja ya bei ndogo, sifa nyingi utakazosoma zimeandikwa na wapiga shabaha wa Marekani au Uingereza. Wao shida yao moja tu, kalala chini na bunduki yake, karatasi iko mita 100, anataka kuona tundu la risasi bila ya kuinuka. Tundu la risasi ndogo ya .22 halifiki hata milimita 6 lakini karatasi haikimbii, basi darubini ya dola mia na kitu ikikuza mara 20 au 30 inamtosha, anaisifu, na wala hasemi uongo. Ila sisi hatuangalii karatasi.

Mie nikaingia kwa namba. Niliyochukua imeandikwa 20-60x60, yaani inakuza mara 20 mpaka 60 na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 60, nikasema aa, mara 60 si nitamuona ndege mpaka kope! Kumbe hesabu iko wazi, ukigawa upana wa lenzi ya mbele kwa ukuzaji unapata upana wa mwanga unaofika jichoni, 60 kwa 20 ni milimita 3, safi kabisa, lakini 60 kwa 60 ni milimita 1, picha giza kama umejifungia ghala la karafuu. Halafu mchana maji yamekupwa, mchanga unachemka, kila kitu kinacheza kwenye kioo, na ukimkuza ndege ule mvuke wa joto nao unaukuza. Stendi iliyokuja nayo ndio usiseme, kusi likivuma kidogo tu inatetemeka kama mgonjwa wa homa. Naishia 30, zilizobaki nimezilipia bure.

Lakini nisiionee. Ukiwa na wageni wanne ile ya jicho moja unaitega mara moja kila mtu anapita anaangalia, na kama kioo chake kimepindwa juu basi mrefu na mfupi wote wanainama tu, huna haja ya kushusha na kupandisha stendi. Ukibandika simu wanapata picha, na mgeni akipata picha bakshishi inakuja yenyewe. Nenda Kidike, popo wa Pemba wamening'inia mitini mchana kutwa hawaendi popote, ile ndio karatasi yetu sasa! Hapo macho mawili haiwezi kushindana.

Sasa ingia Ngezi. Msitu umefunga, ndege chozi anaruka huku na kule, mpaka umalize kufungua stendi keshaondoka, na yule bundi mdogo anatoka usiku. Pale 8x42 shingoni ndio mpango, mwanga unaokuja jichoni ni milimita 5 na zaidi. Na kwenye boti, ile ya jicho moja ni mzigo tu, bahari inakurusha wewe pamoja na stendi yako. Hata sululu, wale ndege wa pwani, unaweza kuwapata bila ya nguvu kubwa ukijua maji, usiende yamekupwa yote ukawafukuzia mbali huko, kaa juu usubiri yanapojaa, watasukumwa wenyewe mpaka karibu yako.

Kwa hiyo mie naona aanze na macho mawili, 8x42 na sio 10, mkono unatulia zaidi. Akishapata wageni wa kudumu ndio aongeze ya jicho moja, ndogo ya kuishia mara 45 inatosha, pesa inayobaki aweke kwenye stendi nzito. Yoyote atakayochukua aulize kama imezibwa maji na kujazwa gesi ya nitrojeni, unyevu wetu huu kioo kinaota ukungu ndani ukidhani ni mchezo, na chumvi asifutie shati kavu, mchanga unakwaruza.

(Ramadhani ikikaribia majirani wataiazima kutafutia mwezi. Mambo ya kukubalika mwezi wa darubini nawaachia mashekhe, mie nasema tu jua lizame lote kwanza, vyenginevyo jicho linaungua.)

Jana kanipigia tena, eti hiyo yako kaka huiuzi? Namuuzia kidugu, ila stendi akatafute yake.